Nakula Nyama Kila Jumanne, na Mke Wangu Anataka Kuacha Samaki

Mpendwa mshauri, Mama Heng, naomba msaada, na kwa kuwa daktari wa moyo ameniambia kwa maneno ya adabu kwamba mwaka ujao nisiupangie mambo mengi, nitaanza na lile nililolificha: kwa miaka arobaini na moja ya ndoa nimemfanya mke wangu aamini kwamba sili nyama ya ng'ombe, na nyama ya ng'ombe ninaila, tena siku hizi ninaila kila Jumanne.

Najua wasomaji wako watacheka, maana hapa Shantou mtoto hujua kutofautisha nyama ya sarara na ya kidari kabla hajajua kufunga viatu, na mtu kukiri kwamba anakula nyama ni kama kukiri kwamba anapumua, lakini mimi ni mtu wa nadhiri, mtaa mzima unajua kwamba Mwalimu Ngou hali ng'ombe kwa ajili ya Guanyin, Mama wa Rehema, na mtu akishalitaja jina hilo mezani hakuna anayemsukumia sahani wala kumuuliza swali la pili. Aliyeiheshimu nadhiri hiyo kupita wote ni mke wangu, Khim. Yeye ni binti wa marehemu mzee Kwek wa soko la zamani, yule aliyekuwa akiponda nyama ya madonge kwa nondo mbili tangu alfajiri mpaka majirani wakawa hawahitaji saa, na Khim alizaliwa na kulelewa ghorofani juu ya duka hilo, akila nyama ya asubuhi ikiwa bado na joto la mnyama. Tulipooana aliniambia, "Nyumba moja haiwezi kuwa na vinywa viwili mbele ya Mama wa Rehema. Ukiacha wewe, nami naacha." Akaacha siku hiyo hiyo. Hata kwenye matanga ya baba yake alikula tofu, wajomba zake wakimtazama kama mgeni aliyepotea njia, naye akawaambia, "Mimi na Mwalimu tuna ahadi yetu," nami niliyekaa kando yake nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mimi nilishika miezi minane. Halafu ikaja safari ya shule kwenda Chaozhou, wanafunzi wamelala ndani ya basi, na nje ya dirisha kulikuwa na mtu anauza supu ya madonge, nami nikashuka kunyoosha miguu. Baada ya hapo nikawa mtu wa nyama kavu. Nilikuwa nikiificha ndani ya tufe la dunia la darasani, lililokuwa na ufa kwenye Bahari ya Aktiki, na kwa miaka kumi na tisa wanafunzi wangu waliamini kwamba hakuna mwalimu Guangdong nzima anayeipenda ncha ya kaskazini kuliko mimi. Nilipostaafu nikaacha, si kwa toba, bali kwa kukosa tufe.

Ningekufa hivyo, mkosaji mdogo aliyestaafu, kama mwezi wa tatu usingefunguliwa mkahawa wa Ng'ombe wa Leo, nyuma ya soko la samaki. Bila shaka umeuona. Una ukuta wa kioo, na nyuma ya kioo wakataji wanane wenye kofia nyeupe wanakata nyama kama madaktari wa upasuaji, na ubao wa taa unaonyesha ng'ombe kachinjwa saa ngapi, na foleni ya vijana imekaa kwenye vigoda vya plastiki mpaka mlangoni kwa muuza miwani, wanapakwa rangi ya kucha bure wakingoja simu zao ziwaite. Mjukuu wetu, Ngia, aliye sekondari, alinivuta mkono. "Babu, twende ukaone tu. Wewe utakula uyoga." Nikaenda kuona tu. Sufuria ikawekwa katikati ya meza, supu ya mifupa nyeupe kama maji ya mchele, inachemka tayari kuzamishiwa nyama, sahani ya sarara ikaja imekatwa nyembamba mpaka unaona maua ya sahani kwa chini, na Ngia akasema, "Babu, nilindie, naenda kupiga picha." Niliilinda mpaka kipande cha mwisho. Aliporudi nikamwambia mhudumu ameiondoa kwa makosa, mhudumu maskini akaomba radhi akaleta nyingine, na Ngia aliposimama tena kwenda kupiga picha taa ya ukutani, niliilinda na hiyo pia.

Tangu siku ile nina miadi ya sindano za goti kila Jumanne saa tano asubuhi. Goti langu ni zima, ndicho kiungo pekee kisicho na lawama. Mtu akiingia Ng'ombe wa Leo peke yake humkalisha mbele ya ndama mwekundu wa manyoya ili asijisikie mpweke, na mhudumu wa meza yangu, dada mmoja mwenye ulimi anayeitwa Lua, humfunga yule ndama kitambaa cha shingoni na kumwekea vijiti. Siku ya kwanza alisimama juu yangu kama msimamizi wa mtihani.

"Babu, zamisha, inua. Zamisha, inua. Zamisha, inua, weka mdomoni. Ukizamisha mara ya nne umemchinja mara mbili."

"Binti, nilikuwa nakula nyama hii kabla mama yako hajaota meno."

"Basi mbona umeishika kama unafua soksi?"

Sasa nakula vizuri. Naanza na muundi usio na mafuta, halafu bega, halafu sarara, na mwisho mafuta ya kidari ambayo hutafunika kwa mlio kama tango, kila kimoja nakichovya kwenye sosi ya shacha, ile ya vitunguu saumu na kamba wakavu, kisha natazamana na ndama kwa muda. Yeye ana macho ya bluu na haniulizi kitu. Kabla ya kwenda nyumbani najipaka mafuta ya dawa shingoni na mikononi mpaka dereva wa teksi anafungua madirisha yote.

Juma moja Khim aliinusa shati yangu kabla ya kuiloweka.

"Daktari wako anachoma sindano au anachemsha mifupa?"

"Anachemsha dawa."

"Dawa yenye vitunguu saumu vya kukaanga?"

"Ni tiba ya zamani."

"Mwambie aongeze tangawizi, basi," akasema, akailoweka. Nikaenda zangu kusoma gazeti, nikijiona bado nina akili.

Mama Heng, hayo yote ningeweza kufa nayo. Nisichoweza kufa nacho ni hiki. Daktari alipotupa majibu ya moyo, Khim hakulia, kwa siku mbili alikuwa kama mtu anayefanya hesabu ngumu, siku ya tatu akaniambia tukiwa jikoni, "Ng'ombe tumempa Mama wa Rehema miaka yote hii, naye amekufikisha themanini na moja. Sasa nitampa samaki, akuongezee mitano." Samaki, Mama Heng, hapa kwetu. Mwanamke huyu kifungua kinywa chake ni uji na samaki wa mvuke aliyepoa, hufyonza kichwa mpaka kikabaki kama kitana, na ndicho kitu pekee cha anasa alichobaki nacho maishani, kwa sababu kile kingine alikiacha kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Khim, mitano ni mingi mno, omba hata miwili, ubaki na samaki." Akasema, "Usinikatie bei na Guanyin." Tarehe kumi na tisa ya mwezi wa tisa, siku ya Mama wa Rehema, atapiga magoti hekaluni na kuitamka nadhiri hiyo, na mtu akiitamka pale, kwa Khim imekwisha, haitanguki. Vikapu vyake vya kupikia samaki kwa mvuke ameshampa jirani.

Nikisema ukweli nitamvunja moyo, na nitamaliza siku zangu katika nyumba ambayo hakuna anayesema nami. Nikinyamaza, yeye atabaki, maana ana miaka sabini na moja na ana nguvu kuliko sisi wote, atabaki miaka mingine ishirini akila kabichi kwa ajili ya mtu aliyeko kaburini, ambaye alipokuwa hai alikuwa akila kidari mbele ya ndama wa manyoya. Nimewaza kumwomba daktari wa moyo amwandikie samaki kama dawa, kwa muhuri wa hospitali. Je, hilo linawezekana? Au kuna namna ya kumzuia asiache samaki bila kugusa habari ya ng'ombe? Nijibu upesi, tarehe inakaribia. Badilisha majina yetu, ila la mkahawa liache, wanastahili.

Ni mimi, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, Shantou.

MAMA HENG ANAJIBU

Mwalimu, pole kwa moyo wako. Naanza na pole kwa sababu ikiisha hii sina nyingine.

Daktari mwache na kazi yake. Umekwisha kumtumia daktari wa magoti asiyekuwepo, sasa unataka kumwongezea wa moyo aliyepo. Na hapana, hakuna namna ya kuzuia samaki bila kugusa ng'ombe. Umetafuta njia ya kupita pembeni kwa miaka arobaini na moja, mtu wa ramani wewe, na umefika wapi? Umefika kwenye meza ya mtu mmoja, unakula na mwanasesere.

Unasema ukweli utamvunja moyo mkeo. Labda. Lakini nimeona umeutaja moyo wake mara moja na nyumba ambayo hakuna anayesema nawe ukaipamba vizuri zaidi. Unaogopa kununiwa, Mwalimu. Mwanamke amekula tofu kwenye matanga ya baba yake mzazi, nawe unaogopa kununiwa. Na usiwe na uhakika sana kwamba hajui. Aliyelelewa juu ya duka la nyama anainusa shati, anakuuliza habari ya vitunguu saumu, anakwambia daktari aongeze tangawizi, wewe unaondoka kifua mbele. Ningekuwa wewe nisingejivunia ushindi ule.

Sasa kuna jambo lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Umeniambia tufe lilipasuka wapi. Umeniambia ndama ana macho ya rangi gani. Sahani ilikuwa na maua, nalo umeniambia. Lakini nadhiri yenyewe, aliiweka nani? Wewe, au mama yako alikuwekea? Ulikuwa unaumwa nini, mwaka gani, katika hekalu lipi? Katika kurasa nne sijapata hata mstari. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na nimejifunza kwamba watu huniandikia kosa dogo kwa kirefu ili nisipate nafasi ya kuuliza habari ya kubwa. Sikuulizi, kwa sababu si mimi ninayedai jibu. Anayedai jibu yuko jikoni kwako.

Fanya hivi. Mwambie kabla ya tarehe kumi na tisa, si jioni ya kumi na nane. Mwambie asubuhi, akishakula, maana habari za namna hii hazipelekwi kwa mtu mwenye njaa. Usimpeleke mkahawani kumlainisha. Usimwite Ngia akae kama ngao. Usitaje moyo wako wala kaburi. Usilie kwanza, ukilia kwanza utamlazimisha akubembeleze, na zamu ya kubembelezwa si yako. Sema yote, mpaka lile ambalo hukuniandikia, kwa sentensi fupi, kisha nyamaza umsikilize hata kama atasema mpaka jua lizame. Akinuna, nuniwa vizuri: fua shati zako mwenyewe, na Jumanne kaa nyumbani. Halafu nenda kwa jirani ukavichukue vile vikapu kwa miguu yako, kwa kuwa tumeambiwa goti ni zima.

BARUA YA PILI, ILIYOFIKA TAREHE KUMI NA NANE

Mama Heng, nimefanya ulivyosema, ila nililia kwanza.

Ilikuwa jana asubuhi, uji umekwisha, Khim ameketi mezani anafuta machungwa ya hekaluni kwa kitambaa, moja moja, anayapanga kwenye trei. Alipomaliza kunifuta na mimi, nikasema, "Khim, nakula nyama ya ng'ombe."

"Najua," akasema, akachukua chungwa jingine. "Unakula sarara. Na tangu mwezi jana unakula kidari. Kidari acha, kina mafuta, si kizuri kwa moyo wako."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nina mimba ya mwanetu Beng. Ulirudi na wanafunzi kutoka Chaozhou, ukaniamkia mdomo umefumbwa. Mwalimu wa shule, halafu hufungui mdomo. Nikasema haya, huyu kashateleza."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningeuliza ungejibu. Ukijibu imeshatamkwa, Mama wa Rehema kasikia, atafanya nini? Nikinyamaza, labda hajaona." Akaligeuza chungwa kwenye mwanga kutafuta doa. "Nikafikiri hivi. Tuliahidi wawili, mmoja kaanguka. Huyu mmoja akishika kwa wote wawili, bila kukosea hata siku moja, huenda ikahesabika. Basi nikashika. Kaka yangu akinipa supu tu, supu isiyo na kipande, nilikuwa naimwaga. Nilijiambia nikionja, Mwalimu anakufa."

Nikalipokea lile chungwa, nikaliweka kwenye trei.

"Na hukufa," akasema. "Wenzako wote wa shule wamekwisha kwenda, wewe upo. Unadhani ni kwa ajili ya zile sindano za goti?" Alisema hivyo akitabasamu, Mama Heng, kwa fahari, kama mtu aliyepewa kazi ngumu akaifanya vizuri na hakutaka sifa. "Ndiyo maana nataka niongeze samaki. Nimeshaona inafanya kazi."

Pale ndipo nilipotamani kuishia. Kosa langu lilikuwa limesamehewa kabla mtoto wetu hajazaliwa, uji ulikuwa bado na joto tumboni, na kama ungekuwa hujaniuliza swali lile la aliyeweka nadhiri, ningemsaidia kufuta machungwa yaliyobaki. Nikamnyang'anya kitambaa. Nikamwambia aniangalie.

Nikamwambia, unaikumbuka siku ya kwanza nilipokuja kwenu. Nilikuwa na miaka arobaini, ile miaka ya vijana wenzangu kuoa mimi nilikuwa nimepelekwa kijijini kuchimba mifereji, na hapakuwa na mwanamke mwingine aliyenitazama mara mbili isipokuwa wewe. Baba yako alikuwa amelifungua duka upya mwaka uliotangulia, serikali iliporuhusu tena maduka ya watu binafsi. Alinikalisha akaweka mbele yangu sahani tano za nyama mbichi, akasema anayemtaka binti yake ataje kila moja imetoka wapi kwenye ng'ombe. Mimi ni mtu wa kisiwani, nimekulia kwenye samaki. Nilizitazama zile sahani, zote zilikuwa nyekundu. Kaka zako walikuwa wameanza kugongana viwiko, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na birika la chai, unaninong'oneza kwa midomo nisiyoweza kuisoma.

Nikasema samahani, mzee, mimi siigusi nyama hii, nina nadhiri kwa Guanyin. Vicheko vikakoma. Baba yako akasimama akaziondoa sahani kwa mikono yake mwenyewe.

Khim, sikuwahi kuweka nadhiri yoyote.